Barua za Wilondja Zilizobaki Ndani ya Kompyuta

Kambi ya wakimbizi, Kigoma

Riziki mdogo wangu,

Goti lako linakuachia ulale? Na njia ya kwenda shambani Lubondja, imetulia? Mimi napumua, macho tu ndiyo yanapungua. Barua yako nimeipata kwa mama muuza dagaa aliyevuka ziwa na boti. Unaniomba anwani ya mwanao Wilondja. Keti kwanza.

Barua zake mbili kutoka Kanada nilizisomea mjini, katika duka la kompyuta. Amepata mke, na binti yao wamempa jina lako. Aliandika mtaa, namba ya nyumba, vyote. Mama mwenye duka akauliza, "Babu, nikutolee kwenye karatasi?" Nikakataa. Sababu unaijua. Barua moja mfukoni ilimtosha askari kumtoa mumeo kwenye mstari, pale kwenye kizuizi cha barabara. Tangu siku ile sibebi karatasi yenye jina la mtu. Nikamjibu, "Acha ibakie mule, mama. Mule haitaungua."

Kisha ruhusa za kutoka kambini zikasimamishwa, misimu miwili ya mvua. Juzi nilipofika tena, mama wa duka alijaribu kunifungulia mara tatu.

"Babu, sanduku lako la barua la kompyuta limefungwa. Lisipofunguliwa muda mrefu, wenyewe wanafuta kila kitu."

"Wenyewe ni banani? Niende nibaombe."

Akacheka, halafu akaniona uso. "Hawapo hapa, babu. Hata mimi siwajui."

"Posta yetu kule Baraka ilichunga barua ya mufu miaka mbili!"

"Hii si posta, babu."

Anwani ya Wilondja, ya nyumba na ya kompyuta, ilikuwa humo humo. Kichwani nilishika jina la mtoto, namba hazikushika. Padri aliyetuunganisha naye tulimzika mwaka jana. Mama yule alinifungulia sanduku jipya, tupu, lisilojulikana na mtu.

Nisamehe ukiweza.

Mpe pole mjane wa kaka yetu, na katekista anayekusomea barua hii. Wajukuu waambie babu yao wa ng'ambo anawakumbuka kwa majina.

Wilondja akiandika kwenye lile sanduku la zamani, barua inamrudia. Amekua vitani, anajua maana ya watu kunyamaza ghafla. Nadhani ameshatukalia matanga, mimi na wewe, na sina njia ya kumwambia kwamba tungali hai.

Ni mimi kaka yako,
Alimasi