Mayai Mawili ya Asubuhi

Mama yangu,

Leo nimelitoa daftari lako la kijani kwenye kabati la vikombe. Sikuwa nimeligusa tangu tukuzike, na huu ni mwaka wa tatu. Jana kuna jambo lilitokea hapa mezani, na sina mwingine wa kumwambia ila wewe.

Meza ni ileile ya nyumba yetu ya Weston, huku ughaibuni, pale dirishani panapoonekana mto. Ulikuwa na miezi michache tu tangu ufike kutoka Nakuru, ukajiandikisha darasa la Kiingereza la kanisani, mwalimu akawapa somo la vyakula. Nikakueleza kwamba mayai yanahesabika, kwa hiyo unasema "many eggs". Wali hauhesabiki, huo ni "some rice". Mkate nao hauhesabiki mpaka utaje vipande. Ukanitazama kama mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Na kuku je?" ukauliza.

Nikakwambia kuku akiwa hai ni "a chicken", lakini akishaingia kwenye sufuria anakuwa "some chicken".

"Kumbe kwa Kiingereza ukishakufa wanaacha kukuhesabu."

Tulicheka mpaka Neema akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Mjukuu wako, aliyekuita Shosho, alikuwa na miaka tisa wakati huo, na kila asubuhi mlikuwa mnakula pamoja, wewe na yeye, mimi nikiwa nimeshaenda kazini. Siku hiyo nilikuwa na furaha, Mama. Nalisema kwa sababu baada ya hapo sikumbuki nyingine iliyokuwa safi namna ile.

Baridi ilipoingia, daktari aliona umepungua. Mtaalamu wa lishe akakupa fomu ya kuandika kila ulichokula kwa wiki mbili, ukakataa nikuandikie. Ulitaka kuandika mwenyewe, kwa Kiingereza, kwanza kwenye daftari ili nisahihishe, halafu kwenye fomu kwa mwandiko wako wa kulala. "Two eggs. Some rice. Much potatoes." Nikakata "much" kwa kalamu nyekundu, nikaweka "many". Kesho yake hukurudia kosa. Wiki ya pili sikuwa na cha kukata.

Mtaalamu aliisoma fomu akasema unakula vizuri, chakula si tatizo. Nilitoka pale nimevimba kichwa kama mzazi siku ya kufunga shule. Daktari naye hakuona haraka, vipimo vikasogezwa hadi baada ya mwaka mpya. Nilikupeleka nyumbani kwa gari nikikusifu njia nzima, nawe ukitazama theluji.

Ulikuwa umezungushia uzi mwekundu kwenye pete ya ndoa isikuvuke kidoleni. Niliuona. Niliona pia leso yako inazunguka mara mbili kiunoni pale ilipokuwa ikifika mara moja. Ulisema ni baridi ya huku inayokausha watu, nikakununulia sweta.

Kazi yangu unaijua. Nahudumia wazee katika nyumba ya kulelea, na kila baada ya mlo naandika kila mmoja amekula kiasi gani: chote, nusu, robo, amekataa. Nimeifanya miaka kumi na moja. Naiangalia sahani hata kabla ya kumwangalia mwenye sahani. Lakini sahani yako sikuiangalia hata siku moja, niliangalia sentensi zako.

Wala hukudanganya. Ndivyo tulivyo sisi. Jirani akiuliza tumekula nini, mpishi anataja kilichokuwa kwenye sufuria, maana nyumba ikishashiba naye ameshiba, hata kama alikula ukoko akiwa amesimama. Mtaalamu wa watu alikuuliza umekula nini, ukamwandikia nyumba nzima imekula nini. Mimi niliyelelewa kwenye jiko hilohilo nikasoma nisione ajabu yoyote. Vipimo vilipokuja kufanywa, unajua vilichosema: tumechelewa.

Sasa nikwambie ya jana. Tangu mwezi wa nane chakula kinanikinaisha. Suruali za kazini nazifunga na pini. Daktari amenipa fomu, Mama, mfano wa ile yako, na jana nilikaa kuijaza. Mayai mawili, wali, vipande viwili vya mkate. Neema alikuwa nyuma yangu. Ana miaka kumi na tatu sasa, Kiswahili anakisikia chote ila anajibu kwa Kiingereza.

"Mum, those eggs were mine," akasema.

"Si tumekula wote?"

Kisha akasema polepole, akitazama meza, "Shosho's were mine too. She told me not to tell you."

Amelibeba hilo tangu akiwa na miaka tisa. Nilimshika nikamwambia si kosa lake, alikuwa mtoto na alipewa chakula akala. Nilimwambia mara nyingi. Sijui kama ameamini.

Halafu nikaichana ile fomu. Kwenye karatasi nyingine niliandika ukweli wa jana, na ulikuwa kikombe kimoja cha chai.

Alhamisi narudi kwa daktari. Naogopa, Mama, sitakuficha. Naogopa kwa sababu najua mlango unaofuata, nilikuongoza mwenyewe kuuingia.

Leo Neema amechemsha mayai mawili, moja lake, moja langu, na amekaa mbele yangu anatazama sahani yangu, macho hayabanduki. Nakuandikia huku nakula. Nimefika nusu, na kwenye karatasi nimeandika nusu.

Pumzika, Mama. Nakujua, najua sufuria liko mekoni na mwiko uko mkononi. Usinipakulie bado.

Mwanao,
mama Neema