Vidole vya Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Sahani za seli za leo, hapa maabara, zimenimaliza nguvu. Protini yetu — ile inayokaa juu ya ngozi ya seli, tuliyoamini ndiyo inayotuma ishara ya kuvimba — nimeiziba kwa dawa yetu. Kwenye seli za damu uvimbe ukatulia, kama siku zote. Kwenye seli za maji ya goti la mgonjwa ukapanda maradufu. Yaani ndani ya viungo protini hii huenda ndiyo inayozuia moto. Na sisi tunaizima.

Labda nimechanganya chupa. Natamani iwe hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudia. Yale yale.

Mkuu wa maabara akaangalia grafu, akavua miwani. Kamati itakaa mwisho wa mwezi, mpaka hapo nifunge mdomo. Nikamwambia kuna watu wanadungwa dawa hii ya majaribio sasa hivi.

"Na wanaendelea vizuri," akasema.

Mmoja wao ni wifi yangu, mwenye baridi yabisi ya vidole. Mimi ndiye niliyempeleka.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi kaja na shati alilomshonea mume wangu. Tangu sindano ya kwanza amerudi kwenye cherehani.

"Kaka, vaa tu. Mkeo huyu hata kifungo hajui kushona."

Nikacheka kwa meno tu. Alipoondoka nikamweleza mume wangu kila kitu. Akalikunja shati mapajani. Mwishowe akasema nimwambie dada yake. Kamati si ndugu yake.

Jumatatu, 10 Machi

Kliniki, kwenye benchi. Nimemwambia yote, hata niliyokatazwa. Amesikiliza huku akikunja mkono wa blauzi.

"Una uhakika, wifi?"

Hapana. Sahani si mtu. Lakini nikamwomba asubiri, asidungwe leo.

"Nilikuwa navalishwa nguo kama mtoto mchanga. Sasa nashona. Usininyang'anye."

Nikamshika mkono kumbembeleza. Vidole vya moto! Kidole gumba kimevimba mpaka kinang'aa. Tangu lini? Akauchomoa mkono, akauficha chini ya mkoba.

"Tangu jana. Ndiyo maana naitaka hiyo sindano."

Nimemwomba muuguzi nimwone daktari kwanza. Kasema daktari ana mtu ndani, nikae, nisivuruge foleni. Nimekaa. Wifi hanitazami. Naandika ili nisipige kelele.

Mlango umefunguliwa. Ni zamu yake —