Vigingi Viko Kwetu

28 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, nimeshaota mizizi kwenye kiti cha ofisi. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama, presha imetulia? Najua simu huipendi, unasema maneno yake yakipita yamepita, basi haya hapa ya kusoma na kurudia.

Kazi nimeipata, miezi mitatu ya majaribio. Ofisi inaandaa ramani ya barabara kuu mpya, na mimi, ambaye shuleni nilichora ng'ombe akafanana na meza, ndiye ninayechora nyumba zitakazopitiwa. Usicheke. Siku hizi ni kompyuta. Unafungua programu, ukurasa mweupe pee, halafu unapanga tabaka moja juu ya jingine: mito, juu yake barabara, juu kabisa nyumba na namba zake. Ukibonyeza alama ndogo pembeni nyumba zote zinazimika, ukibonyeza tena zinarudi. Siku ya kwanza nilichezea hiyo mpaka bosi akakohoa.

Nyumba nimezitoa kwenye ramani ya zamani ya mtaa wetu. Programu ikaniuliza: faili hili ni la vipimo vya zamani au vya setilaiti? Nikachagua vya setilaiti, maana nani anataka vya zamani? Ikatulia. Na nikupe habari: barabara inapita safu ya chini, kwa kina Mama Cherehani. Kwetu haigusi. Namhurumia, lakini nimepumua.

Mwanao,
Kitinda


22 Februari

Mwanangu Kitinda,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, hakuna aliyeuazima. Mama yako hajambo, anasema ule vizuri.

Watu wa rangi wamekuja Jumanne. Wana karatasi ya ofisi yenu, wanasoma namba za nyumba na kupaka X nyekundu ukutani. Mama Cherehani kapakwa. Akawaambia wampakie na mlango, vilingane. Walipoondoka alikaa kizingitini mpaka mama yako akaenda kumwinua. Miaka ishirini na miwili ameshona pale, sare za nusu ya mtaa, na zako. Anasema mabati atayashusha mwenyewe kabla tingatinga halijayakunjakunja.

Lakini kuna jambo linanikereketa. Wapima ardhi walipita mwezi jana wakachomeka vigingi vya barabara. Vigingi viko kwetu. Kimoja nyuma ya choo, kingine chini ya dirisha la jikoni. Kwa Mama Cherehani hakuna hata kimoja. Mimi nimekuwa fundi ujenzi maisha yangu yote, na sijaona kigingi kikae huku, rangi ikapakwe kule. Hiyo ramani yenu mbona imekaa upande? Hebu waulize.

Baba yako


31 Machi

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya hiki. Mwili ni mzima, moyo sijui.

Siku nilipopata barua yako, wiki tano sasa, niliomba picha ya angani kwa mwenzangu wa meza ya pili nikaitandaza chini ya ramani yangu. Nyumba zilikuwa zimekaa shambani. Shule iko mtoni. Mtaa mzima umesogea mita mia tatu, na aliyeusogeza ni mimi. Ile ramani ilikuwa ya vipimo vya zamani kweli. Ilitakiwa vipimo vyake vigeuzwe kuwa vya setilaiti, mimi nikaibandika jina jipya tu. Ni kama kuandika "sukari" kwenye kopo la chumvi, kopo halikatai.

Nimeirekebisha, ila kwenye kompyuta yangu peke yake. Barabara inapita kwetu, Baba. Sebuleni, na chumbani kwenu.

Bosi hajui. Nimefika mlangoni kwake mara mbili, mara ya pili nikajikuta naomba karatasi za printa. Yeye ameona rangi na vigingi havilingani, na anaiamini ramani. Wiki mbili zijazo watahamisha vigingi viifuate. Nikinyamaza mnabaki. Nikisema, nimewabomolea kwa mkono wangu nyumba uliyoijenga chumba kimoja kimoja, na kazi imekwenda. Naogopa sana. Niambie ninyamaze, nitanyamaza.

Kitinda


5 Aprili

Mwanangu,

Sisi tunapumua.

Barua yako nilimsomea mama yako mara moja, ya pili hakutaka. Aliingia chumbani, na mpaka sasa anaongea na mimi kwa kichwa tu, ndiyo na hapana.

Nisikufiche, nilitaka kukwambia unyamaze. Siku mbili nzima nilitaka. Nilizunguka nyumba nikijisemea kosa ni la mashine, liwalo na liwe. Asubuhi ya tatu nikasikia misumari inang'olewa huko chini. Nikavaa viatu nikaenda.

Mama Cherehani alikuwa juu ya ngazi. Mabati kumi na moja yalikuwa chini, cherehani iko uani imefunikwa nailoni. Nikamwomba ashuke, nikamweleza yote, kwamba nyumba yake haiguswi, inayoguswa ni yetu. Nilitegemea atashukuru au atanitukana.

Akaniuliza tu, "Mtoto amejua tangu lini?"

Nikamwambia wiki tano.

Akasema, "Mimi nimeanza kushusha Jumatatu." Hapo ndipo alipolia.

Mabati tumeyarudisha pamoja, ila matundu yamepanuka na yatavuja. Ijumaa anakuja kwa bosi wako. Alitaka kuja kesho, nimembembeleza akupe nafasi useme wewe kwanza. Najua nimekuchongea, na ningekuchongea tena.

Kosa sikulaumu. Mimi mwenyewe nimewahi kujenga ukuta ukapinda, nikaubomoa mbele ya mwenye nyumba. Nyumba yangu inaniuma, wala sitajifanya shujaa. Zile wiki tano ndizo zimenishinda kumweleza yule mama.

Ukishasema, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye kwanza.

Baba yako