Nyama Niliyoiacha Sahanini

Leeds, Uingereza
9 Novemba 1952

Shangazi yangu mpendwa Milembe,

Mwangaluka, shangazi. Hujambo, na wote hapo Sapiwi hawajambo? Mguu wako umepona? Pamba mmeshapanda? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanitafuna hata nikivaa makoti mawili. Joakim, wewe unayemsomea shangazi, usiruke mistari ya aibu yangu. Soma yote.

Masomo ya ualimu yanakwenda vizuri. Kilichonishinda ni adabu za watu.

Nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane, Bibi Harrop. Huku nyama bado inagawiwa kwa kipimo tangu vita, kila mtu na fungu lake dogo kwa juma. Jumapili moja mwezi wa tisa alinialika mezani kwake kama mgeni, akanipakulia pande kubwa. Nikala kidogo, lililobaki nikaliacha kama ulivyonifunza, kwamba mgeni mwenye adabu hasafishi sahani, huwaachia watoto wa nyumba. Akaiondoa sahani. Nami nikapanda chumbani nikijisifu kwamba sikuiaibisha Bariadi yetu.

Tangu siku ile hakunialika tena. Nikasema, wazungu ndivyo walivyo. Nisamehe, shangazi, nilimsengenya hata kwa wenzangu chuoni.

Juma lililopita aliugua, akapelekwa hospitali. Dada yake alikuja kufagia nyumba, akaniambia nyama ile ilikuwa fungu la Bibi Harrop la juma zima, na kwamba alilia jikoni akidhani chakula chake kimenichukiza. Nilitoka mbio, hata kofia nikaisahau.

Nilimkuta kitandani, amekonda sana. Nikamweleza kila kitu. Akacheka kidogo, kisha akaniuliza, "Watoto gani, Mihayo?"

Alikuwa na mmoja tu. Alizama na meli wakati wa vita.

Shangazi, naona haya. Miezi saba nimelala chini ya paa lake! Kwetu ningewaulizia watoto wake kabla sijakalia kiti. Huku nilijifunza kumsalimu kwa habari za mvua, nikajiona nimeelimika.

Madaktari hawasemi kama atarudi nyumbani. Naenda kila siku baada ya masomo.

Mpe salamu zangu mzee Ngeleja, na Nyanjige, na kila anayeniulizia. Mungu awape mvua ya kutosha na awalinde mpaka tuonane. Na mkisali, mtajeni Bibi Harrop, pamoja na mwanawe. Aliitwa Peter. Nilimuuliza jana.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye daima,
Mihayo