Yeyo, Wanataka Niiondoe Sauti

Yeyo mpendwa,

Takwenya. Ungekuwepo ungeitikia "Iko", nami ningeinama uniguse utosini, mwanamke mzima mwenye shahada tatu. Jina lako silitamki, maana kwetu aliyeondoka hatajwi, lakini mama ni mama na hilo hakuna wa kunikataza. Watoto wako ni wazima. Ng'ombe waliobaki baada ya ukame ni wachache, ila yule mwekundu mtukutu yupo na bado anasumbua zizi zima. Mvua imenyesha kidogo upande wa Ngong. Huku kwangu Kitengela tumepata vumbi la malori tu. Mama mdogo Nasieku, mdogo wako, anasema nimekonda hadi gauni ndilo linalonivaa mimi. Ni kweli. Maji yamenifika shingoni, Yeyo, na sina mwingine wa kumwambia.

Unamkumbuka yule mwanamume aliyekuja bomani, nje ya Bisil, kutuletea habari ya kifo cha mjomba? Nilikuwa darasa la tatu. Ulimpa kigoda, ukamtilia chai, mkaulizana yote: watoto, mbuzi, malisho, nani ameoza binti. Habari yenyewe ilipofika, mwishoni kabisa, wewe ulikuwa umeshamtuma mdogo wangu kuwaita majirani. Nikakuuliza ulijuaje.

"Alisema mbuzi ni wazima haraka sana," ukanijibu.

Tena ukanifunza kwamba habari mbaya haiachwi isimame mlangoni. Inaketishwa kwanza pamoja na nyingine. Sisi wa kwetu wote huongea hivyo. Mtu anayeanza na msiba huonekana kama hakulelewa.

Nilipoingia chuo kikuu ulikuwa unapanda kile kilima cha mawe nyuma ya boma kutafuta netiwaki. Kila Jumapili baada ya kanisa ulinipigia ukihema, ukaanza na ng'ombe. Wenzangu wa hosteli walikuwa wakikuiga, "Na mbuzi je? Na jirani?" nami nacheka nao na kukupenda zaidi. Jumapili ile ya mwisho ulimaliza ng'ombe, ukamaliza mvua, ukafika kwa mtoto wa jirani aliyezaliwa, ukasema, "Sasa mimi nami..." Simu ikakatika. Netiwaki ya kilima kile ilikuwa hivyo siku zote. Nilipiga na kupiga. Walipokufikisha hospitali ya Kajiado mambo yalikuwa yameshaharibika, na daktari akatuambia ugonjwa wako haukuwa wa jana wala juzi.

Tangu siku hiyo sijasomea kitu kingine. Nimetengeneza kisanduku chenye ukubwa wa mkate, na sola mgongoni. Hakihitaji mnara. Unabonyeza, unaongea, na sauti yako inaruka kutoka kisanduku hadi kisanduku, boma hadi boma, mpaka ifike Bisil penye netiwaki. Kazi yangu yote pale chuoni ilikuwa hiyo moja: kuiminya sauti ya mtu iwe nyembamba, ipite kwenye mawimbi hafifu, na bado umtambue ni nani na yuko katika hali gani. Kutuma alama wengi wanaweza. Sauti yenyewe, pamoja na kuhema kwake, hiyo ndiyo yangu.

Lakini uvumbuzi ukibaki maabara haumsaidii mtu. Kuna mfuko wa fedha unaowasaidia watafiti wa vyuo vikuu kuufikisha sokoni uvumbuzi wao wa mawasiliano, na safari hii niliitwa. Masharti yao: nipate kampuni ya kuvitengeneza na kuviuza visanduku, na kamati ije ivione vikitumiwa na watu. Kampuni nilipata, ya Njoroge, mwenye karakana hapa Kitengela. Kwingine kote nimefungiwa mlango. Chuo hakitaongeza mkataba wangu, na chumba cha maabara kimeshaahidiwa mtu mwingine. Mfuko ukiniacha, visanduku vitarudi kwenye katoni na mimi nitarudi kufundisha tuisheni ya hesabu.

Kamati ilikuja Bisil siku ya soko la mifugo. Tuliketi nyuma ya duka, Njoroge kavaa suti kwenye jua lile. Mama mdogo alikuwa ng'ambo ya vilima na mbuzi wake, na nilikuwa nimemfundisha vizuri: bonyeza, sema "mbuzi wanaumwa, leteni dawa", basi. Kisanduku kina kikomo, ili mtu mmoja asilimeze wimbi la wote. Ukishatuma jumbe chache, kinanyamaza mpaka wengine nao wapate zamu.

"Takwenya," kikasema kisanduku.

Sauti ilikuwa safi, Yeyo. Hata kengele ya mbuzi ilisikika. Wanakamati wakapiga makofi. Nikajibu "Iko", nikangojea dawa.

"Hao wageni wamelala poa?"

Nikajibu wamelala salama.

"Huko Nairobi kumenyesha?"

Nikajibu mbio mbio, nikamwomba aseme lile tulilokubaliana.

"Nasema. Lakini wazazi wao, wako wazima?"

Kisha kimya. Kisanduku kilikuwa kimefika kikomo chake. Mmoja wa wageni alicheka, si kwa ubaya, akafunga begi lake. Jioni mama mdogo aliporudi aliniona uso, akaelewa kuna kitu kimeharibika, ila hakuelewa ni nini.

"Watu wametoka mbali hivyo," akaniambia, "halafu mimi nianze na mbuzi?"

Ungekuwa wewe ungefanya vivyo hivyo, tena ungeuliza na habari za mashemeji.

Kamati haikunikataa. Afadhali wangenikataa, ningelia nikamaliza. Walisema sauti ni ya ajabu, ila hakuna atakayenunua salamu. Tuiondoe sauti, tuweke vitufe, nao watatoa fedha. Jibu wanalitaka kesho asubuhi.

Nilimwambia Njoroge basi tuongeze muda wa kuongea. Akapiga hesabu mbele yangu: betri kubwa, sola kubwa, na bei ambayo hakuna boma la huko litakaloiweza.

"Daktari, mimi si adui yako," alisema. "Hata shosho, nyanya yangu, hawezi kuambia mtu anaumwa kabla hajauliza mambo ya shamba. Lakini niko na watu wanangoja mshahara. Tuweke batani tatu tu. Mgonjwa, mifugo, maji. Sauti tutarudisha baadaye."

"Baadaye lini?"

"Tukishauza."

Hakuniangalia aliposema hivyo. Vifaa vya vitufe vipo tele madukani, havihitaji mtafiti wala miaka ya mtu. Wananipa fedha za kuuza kazi yangu kwa sharti kwamba kazi yangu isiwemo ndani. Nimecheka peke yangu jikoni hadi nikajiogopa.

Jana nilimpelekea mama mdogo kisanduku cha mfano chenye vitufe, alichokiunga Njoroge. Alikigeuza huku na huku, akakifuta vumbi kwa ncha ya shuka.

"Nikibonyeza hii ya mgonjwa, nani ataitikia?"

"Taa nyekundu itawaka kule Bisil."

"Hiyo taa haiulizi kitu?"

"Haiulizi, mama mdogo. Watu wataiona, watakuja."

Akakiweka juu ya kopo la sukari, taratibu, akaanza kuniuliza habari za watoto wangu. Nilikuwa namjibu huku namsikiliza pumzi. Yeyo, anahema. Hakuwa amepanda popote, alikuwa ameketi kwenye kigoda tangu nifike. Nikamwuliza kama anaumwa.

"Ngoja kwanza," akasema, "hujaniambia ya kazi."

Nikamwambia ya kazi. Nikamwambia ya mume wangu, ya shule, ya bei ya unga, kila kitu nilichokuwa nacho, ili tufike upesi. Ndipo akasema kifua kinambana akiinama, na kwamba ni muda sasa. Jumanne nampeleka hospitali ya Kajiado. Amekubali kwa shingo upande, kwa sababu mbuzi watabaki na nani.

Nimelijua hili kwa kuwa nilikuwa nimeketi karibu naye. Ningekuwa Kitengela, ile sauti yangu niliyoiminya ingeniletea kuhema kwake katika "Takwenya" ya kwanza tu, na ningeshika njia kabla hajafika kwenye mvua. Hilo ndilo nililotaka kuiambia kamati. Lakini siku ile nilisikilizia dawa wala si pumzi, nikawaeleza habari za masafa na betri.

Ninaogopa, Yeyo. Nakula nikiwa nimesimama, naongea na watoto kwa ukali bila sababu, kanisani leo nimekaa kiti cha nyuma nisiulizwe habari. Nikisema hapana, hakuna kisanduku cha aina yoyote, na wanawake wa ng'ambo ya vilima wataendelea kupanda mawe kutafuta netiwaki. Nikisema ndiyo, kutakuwa na vitufe, na huenda mama fulani kijana aliyesoma kidogo akakibonyeza mtoto wake apone. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nimeurudia msemo huo tangu asubuhi na haujanituliza hata kidogo.

Kesho nitasema ndiyo.

Hiyo ndiyo habari yenyewe, nimeifikisha mwisho kama ulivyonilea. Njoroge ataleta kalamu, nitatia sahihi, watu watanipongeza. Mama mdogo atapewa kisanduku cha kwanza, kwa heshima, na atakitunza kuliko vyombo vyake vyote. Na siku kifua kitakapombana kweli, kitufe kikiwa hapo kando ya mkono wake, hatakibonyeza. Ataketi, atafunga shuka vizuri, atangoja mtu aje amsalimu.

Pumzika, Yeyo.

Mimi mwanao wa kwanza.