Chaga za Kitanda Mtaroni

Mama, shikamoo.

Ule mlio wa "krrraa" uliokuamsha alfajiri ni tumbo la gari langu. Nilitandika chaga za kitanda changu juu ya mtaro kama kila siku, moja ikavunjika, gari likakaa. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, imepasuka, oili yote imemwagika. Ukitoka, angalia usiteleze. Nimekwenda Kurasini kutafuta sampo nyingine.

Dada Naima akishikwa na uchungu kabla sijarudi, ~~msipande pikapu ya Baba Venance~~ mwite jirani Baba Venance. Jana nilimwambia pikapu yake ni ya kubebea mkaa. Niombee radhi. Kapu la kanga liko mlangoni.

"Linayapita magari yote barabarani, mtaro wa Tandika umelishinda!" Dada kanicheka hivyo, huku kajishika kiuno. Mie sikucheka, Mama. Nilikuwa nakitazama kile kiuno, nikihofia uchungu umekaribia. Gari la mbio vile, nimelitungia hadi shairi, na siku ya kuhitajika limelala kifudifudi. Zile beti washia jiko.

Nimemwambia dirishani, kwa sauti, majirani wakasikia: "Dada, hutajifungua mie sipo. Nitarudi, hata kwa miguu."

Mjomba wa huyo anayekuja,
Badru