Baka la Mama

Rwezamenyo, Kigali
Jumapili, 9 Februari 2025

Dada yangu mpendwa Flaviana,

Shikamoo. Habari za Bukoba, na mgongo wako unaendeleaje? Watoto hawajambo? Mimi mwili hauna neno, nakula na kazini naenda. Moyo ndio hauko sawa. Barua hii ataileta jirani yangu Gahongayire, anayekuja huko kumwona mwanawe, maana kwa simu nisingeweza kusema.

Mara tatu umenipigia kwa simu ya jirani ukitaka picha ya mama ya kuweka kaburini kabla ya misa ya kumbukumbu. Mara tatu nilikujibu kuwa mtandao unasumbua. Mtandao wa hapa hauna tatizo lolote, dada.

Unajua studio kwetu tunazigeuza picha za watu kwa kompyuta zikawa kama za katuni: rangi chache kali, mistari minene myeusi, nukta nukta mashavuni, na kiputo cha maneno karibu na mdomo. Bosi wetu Viateur alitaka sampuli ya ukutani. Sura ya mteja huwezi kuitundika bila ruhusa yake, nikamchukua mama. Kwenye kiputo nikaandika "Karibuni." Alida, mwenye saluni Kagugu, alisimama mbele yake akasema huyu mama iko na raha kabisa, na yeye atengenezewe vilevile. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Sasa nikuambie. Nilipopunguza rangi, lile baka la shavuni lilitanuka kama wino uliomwagika, nikalifuta. Kisha niligeuza sura, upande wa kulia ukawa wa kushoto, ili atazame kiputo. Nikageuza tena na tena, sijui mara ngapi. Mwisho nikahifadhi kwa jina lilelile, juu ya picha yenyewe. Kwenye simu nilikuwa nimeshaifuta kwa sababu ilijaa. Ya karatasi ililiwa na mchwa, na ya kwako ilikwenda na simu iliyoibwa. Picha ya mama haipo tena, dada. Nimeipoteza mimi.

Siku nne nimejaribu kumrudisha. Naweka baka huku, nalihamishia kule, na kote ananitazama kama mama wa mtu mwingine. Nimelelewa mapajani pake, na sikumbuki. Naona aibu hata kusali.

Wasalimie watoto na shemeji Charles. Unikasirikie, nastahili. Lakini Gahongayire anarudi Jumamosi. Mpe hata kipande cha karatasi chenye neno moja tu, kulia au kushoto.

Mdogo wako,
Thomas